Neno na Jirani Zake

Katika mitaa ya pwani, mtu akija kuposa, wazee wa mwanamwali hawatosheki na maneno yake mwenyewe. Humkaribisha, humsikiliza kwa adabu, humwambia angoje jawabu. Kisha huanza kuuliza. Huuliza majirani anaokaa nao, watu anaosali nao, na wenye maduka anaokopa kwao. Kwa njia hiyo huijua tabia yake vizuri kuliko angalivyoweza kuieleza yeye. Neno geni katika kitabu ni mposaji wa namna hiyo. Limebisha hodi, limeingia, limeketi mbele yako, nawe hulijui. Uchunguzi wake wapaswa kuanza kwa jirani zake: neno lililo kabla yake, neno lililo baada yake, sentensi inayofuata, na jambo zima linalosimuliwa. Ujirani huo wa maneno ndio wataalamu wauitao muktadha.

Nataka kukuonyesha, msomaji kijana, namna ya kuwauliza majirani hao, na namna ya kutambua wanaposema kweli na wanapopotosha. Mifano mingi nitaitoa katika Kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, kwa kuwa hapo maneno ya kale na maneno ya leo yanakaa nyumba moja, na msomaji asiye na subira hupita kati yao bila kuamkia hata moja.

Kuna wasomaji wabovu wa namna mbili, na wote wawili huonekana katika kila darasa. Wa kwanza ni mtumwa wa kamusi. Kila akikutana na neno asilolijua huweka kitabu chini, hufungua kamusi, huandika maana, kisha hurudi. Akifika mwisho wa ukurasa ana orodha ndefu ya maneno, lakini ukimwuliza ukurasa ulisema nini hukutazama kama aliyeamshwa usingizini. Amekusanya mawe ya nyumba wala hajaiona nyumba. Wa pili ni mrukaji. Huyu neno geni halimsumbui hata kidogo. Hulivuka kama mtu avukaye dimbwi, akaendelea mbele akiamini kuwa ameelewa. Wa kwanza hana imani na akili yake. Wa pili ana imani nayo kupita kiasi. Msomaji mwema hukaa kati yao. Hukisia, kisha hupima alichokisia.

Usidhani kwamba kukisia ni kazi ya mvivu. Tazama majina ya mahali unapopita kila siku. Mtu atembeaye katika Mji wa Kale wa Mombasa hupita katika barabara iitwayo Ndia Kuu. Ikiwa yeye ni mgeni aliyefunzwa Kiswahili cha vitabuni, neno ndia halijui. Lakini aona kwamba anatembea juu yake, kwamba watu wanapita huku na huku, na kwamba vichochoro vyatokea pande zote vikaingia humo. Yampasa aulize nini zaidi? Ndia ni njia. Tena akishajua hilo amepata ufunguo wa milango mingi, kwa kuwa mahali pengi ambapo Kiunguja chasema nj, Kimvita chasema nd: njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Vivyo hivyo mahali pengi ambapo Kiunguja chasema ch, Kimvita chasema t: macho ni mato, nchi ni nti, kucheka ni kuteka. Neno moja lililoeleweka barabara hufundisha mengine kumi.

Hapo hapo ufunguo huo wataka mkono wa hadhari. Ndoo ni wito wa kumwita mtu, na ndoo ni chombo cha maji. Kuteka ni kucheka, na kuteka ni kuchota maji kisimani. Masikio ya mwenyeji husaidiwa na matamshi, maana Kimvita kina t mbili, moja ambayo ulimi hugusa meno na nyingine ambayo hugusa ufizi. Lakini herufi zetu za Kilatini hazionyeshi tofauti hiyo. Juu ya karatasi, ni jirani tu awezaye kutuambia. Ukisoma kwamba wasichana walikuwa kisimani wakiteka, usikate shauri mpaka umesoma kama walikuwa wameshika kamba au walikuwa wameshika mbavu.

Ni haki kueleza kwa nini maneno ya Mvita yamekuwa mageni. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa nchi za Afrika Mashariki juu ya lugha ya shule na vitabu, na mkutano huo uliteua Kiunguja, lahaja ya mji wa Unguja, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mahali ulipofanyika ni Mombasa yenyewe. Faida ya uamuzi ule ni kubwa, wala insha hii isingalisomeka na watoto wa nchi nyingi bila ya huo. Walakini ulikuwa na gharama. Neno ambalo bibi wa Kibokoni au Kuze hulitamka kila siku anapomwita mjukuu wake, mjukuu huyo alilikuta shuleni chini ya ukurasa, katika orodha iitwayo maneno magumu. Neno halikuwa gumu. Lilihamishwa kutoka nyumbani kwake, likakaa mahali ambapo hapana aliyelijua. Kazi ya kusoma kwa muktadha ni kulirudisha kwa watu wake.

Na tuliulize swali hili kwa mshairi mkubwa wa mji ule. Muyaka bin Haji aliishi Mombasa tangu takriban mwaka 1776 hata takriban mwaka 1840. Aliishi zama za utawala wa Wamazrui, na akauona mwisho wake, wakati Seyyid Said alipoutwaa mji mwaka 1837. Alitunga juu ya vita, juu ya biashara, juu ya mapenzi na juu ya dhiki ya maisha. Mashairi yake hayakupigwa chapa wakati wake. Yalikaa katika vinywa na vifua vya watu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa, aliyakusanya akiandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na padri Mwingereza W. E. Taylor. Mwaka 1940 W. Hichens aliyatoa katika kitabu kilichopigwa chapa Johannesburg, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akayatoa tena Nairobi pamoja na maelezo marefu.

Fikiri kidogo juu ya zile herufi za Kiarabu, kwa sababu zina somo letu lote. Katika hati hiyo, kama ilivyotumiwa na waandishi wengi wa pwani, herufi moja iliweza kusomwa b, p, au mb. Nyingine f au v. Nyingine k au g. Irabu e na i zilikuwa na alama moja, na irabu o na u zilikuwa na alama moja. Kwa hiyo neno kuku na neno gogo yaliweza kuandikwa sawasawa. Lakini barua iliposema kwamba mwenye nyumba amewachinjia wageni wake, hapana aliyesoma kuwa wageni walilishwa gogo. Wazee wetu waliandikiana mikataba, nyaraka na tenzi kwa hati hiyo, na wakaelewana. Kila msomaji wao alikuwa msomaji wa muktadha. Bila ya ustadi huo asingaliweza kumaliza mstari mmoja. Ustadi ninaokuombea wewe leo ni urithi wako wa zamani.

Sasa tumsome Muyaka. Katika shairi lake mashuhuri juu ya kimya, ubeti wa kwanza una maneno matatu yanayoweza kumsimamisha mwanafunzi. Mengine yote ni mepesi: shairi laonya kwamba kimya si kitu cha kudharauliwa, kwa kuwa kina mshindo. Wazo hilo walijua tayari kwa methali.

Neno la kwanza ni wavyele. Usikimbilie kamusi, litazame mwili wake. Laanza kwa wa, na latajwa kama wenye kusema jambo. Basi hao ni watu. Kisha tazama shina lake. Je, hujapata kusikia neno mavyaa, mama wa mume au wa mke? Vyaa ni kuzaa. Wavyele, basi, ni wenye kuzaa, wazazi, na kwa kupanuka maana, wakubwa waliotutangulia. Mara moja ubeti wapata uzito. Onyo lile limetoka kwa wazee, na Muyaka asema kama mtu anayepokeza amana.

Neno la pili ni sikidharawile. Laonekana refu na la kutisha, lakini livunje vipande. Si ni ukanushi wa mtu asemaye juu ya nafsi yake, ki chashika kile kimya, dharau walijua. Limebaki ile. Hiyo ni alama ya zamani ya jambo lililokwisha tendeka, ambayo Kiswahili sanifu kimeiacha, ingawa lugha nyingi za Kibantu zinayo hata leo kwa sura hii au ile. Asema, basi, kwamba yeye hakukidharau.

Neno la tatu ndilo tamu kuliko yote, nalo ni kumbuu. Mwili wake hausemi kitu. Shina lake halifanani na neno unalolijua. Hapa hapana budi kwenda kwa majirani. Jirani mmoja ni viuno. Jirani wa pili ni kitenzi chenye shina tata, ambalo walijua katika utata na tatanisha, mambo yaliyozungushwa na kusokotana. Kitu gani huzungushwa viunoni? Mshipi, au kitambaa cha kufungia. Umekwisha pata maana, na kamusi ikija baadaye itakuitikia tu.

Lakini ngoja, kazi haijamalizika, na hapa ndipo ninapoilaumu orodha ya maneno magumu. Orodha ingekuambia kwamba kumbuu ni mshipi, nawe ungesema ahsante na kupita. Jawabu hilo ni kweli, tena ni maiti. Kwa nini kimya kitake mshipi? Kimya na mshipi vina udugu gani? Orodha haina habari. Jirani wanajua. Mtu hujifunga kiuno anapokwenda vitani au anapokabili kazi nzito. Hata leo twasema kwamba mtu amejifunga kibwebwe, tukikusudia kuwa amekusanya nguvu zake zote. Adui anyamazapo, ndipo yafaa kujifunga. Ukikumbuka kwamba aliyesema hivyo aliishi katika mji uliokuwa ukitazamiwa kwa jicho la tamaa na dola yenye merikebu nyingi, neno dogo kumbuu linakuwa neno la mtu aliye macho usiku, akisikiliza bahari iliyotulia. Maana ya neno waweza kuipewa na mwingine. Nguvu ya neno huna budi kuipata mwenyewe, nayo hukaa kwa jirani.

Nimewasifu majirani sana, na sasa ni wajibu wangu kuwashitaki, maana jirani naye hudanganya. Soma maneno haya niliyoyatunga kwa ajili yako: Nahodha alipoona wingu jeusi, aliwaamuru mabaharia watweke tanga. Tuseme kwamba neno kutweka hulijui. Wingu jeusi ni dalili ya tufani, na katika tufani tanga hushushwa. Kwa hiyo wakisia kwamba kutweka ni kushusha. Hoja yako ni nzuri, na sentensi haikukatalia. Lakini soma mbele: Chombo kikakata maji kwa kasi, na kabla ya tone la kwanza kuanguka kilikwisha ingia bandarini. Je, chombo kilichoshusha tanga kitakata maji kwa kasi? Hakika sivyo. Kutweka ni kupandisha. Nahodha yule alitaka kuiwahi mvua. Umepata kanuni mbili kwa mara moja. Kwanza, jirani mmoja hatoshi. Hakimu mwema hutaka shahidi wa pili. Pili, kisio lako la kwanza liandike akilini kwa mkaa, usiliandike kwa wino, ili sentensi ifuatayo iweze kulifuta.

Kuna udanganyifu mwingine ulio mbaya zaidi, nao ni wa neno unalodhani unalijua. Neno lisilojulikana kabisa hukuonya. Neno lililojulikana nusu hukulaza usingizi. Katika habari za kale za Mombasa hutajwa Mwana Mkisi, ambaye kwa masimulizi ya wenyeji alikuwa malkia wa mji kabla ya Shehe Mvita. Mwanafunzi huona neno mwana, husema moyoni mwake kuwa ni mtoto, naye hufikiri juu ya mtoto mdogo aliyerithi kiti. Sentensi haimkatazi, kwa kuwa watoto wa wafalme hurithi. Atajuaje amepotea? Alipeleke neno mahali pengine, aone kama maana yake itasimama. Na alipeleke kwa Mwana Kupona, mwanamke wa pwani ya kaskazini, ambaye utendi wake wa mwaka 1858 ni wasia wa mama kwa binti yake. Mama mwenye binti wa kuusiwa si mtoto. Basi katika majina hayo mwana ni neno la heshima, sawa na bibi au bi. Maana iliyosimama mahali pamoja na kuanguka mahali pa pili haikuwa maana, ilikuwa bahati.

Waona, basi, kwamba msomaji wa muktadha ni mtu wa mashaka mema. Hukubali kwenda mbele akiwa na nusu ya mwanga, lakini haisahau ile nusu ya giza. Na lile jambo analotaka sana kulikuta kitabuni ndilo aliogope zaidi, kwa sababu mtu hukisia upesi maana inayopendeza nafsi yake. Mwenye hasira hukuta matusi pasipo na matusi, na mwenye kiburi hukuta sifa zake katika kila ukurasa. Kosa kama hilo katika mtihani hukupunguzia alama mbili tu. Lakini katika barua ya ndugu, katika mkataba wa shamba, au katika tangazo la serikali, laweza kuvunja udugu au kupoteza mali.

Utaniuliza, je, kamusi itupwe? Hasha. Lakini kumbuka kamusi ilizaliwa wapi. Mwaka 1844 mmishonari Mjerumani Ludwig Krapf alifika Mombasa. Hakukuta kamusi ya Kiswahili iliyopigwa chapa ambayo ingemfaa. Ilimbidi asikilize watu wakinena, atazame mikono yao na vitu walivyovishika, akisie, aandike, kisha akosolewe na wenyeji. Kamusi yake kubwa, ambayo imejaa maneno ya Kimvita, ilipigwa chapa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kila mstari wake ulipatikana kwa wenyeji waliokuwa wakisema mambo yao wenyewe. Kamusi ni mtoto wa muktadha, wala si mzazi wake. Kwa hiyo ifungue, lakini ifungue kama mtu aendaye barazani kwa mzee akiwa na hoja yake tayari: uwe umekwisha kisia, nawe waenda kuthibitisha. Ukikuta umepatia, neno hilo halitakutoka tena maisha yako yote. Ukikuta umekosea, rudi kwenye ukurasa utafute ni jirani gani aliyekupoteza. Na kamusi ikikupa maana tano, usichague ya kwanza kwa kuwa iko juu. Rudi kwa majirani wakuchagulie.

Wala usidhani kwamba ustadi huu ni wa vitabu vya kale tu. Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, ilitoka mwaka 1971. Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga Abdilatif Abdalla akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972, ilitoka mwaka 1973. Wote wawili ni watu wa Mombasa, na lahaja ya mji wao yasikika katika tungo zao. Kijana wa Kisumu, wa Machakos au wa Dodoma anaweza kuzifungua akaona maneno mengi asiyoyajua, akasema kwamba hayo ni ya watu wa pwani, akazifunga. Akifanya hivyo atakuwa amekosa sauti ya mtu aliyesema na taifa lake kutoka nyuma ya ukuta wa gereza, kwa sababu tu ya maneno ambayo angaliweza kuyaelewa kwa kuyasoma mara mbili. Hasara hiyo yawezaje kuitwa ndogo?

Nakushauri, basi, uchague ubeti mmoja wa diwani hizo jioni ya leo. Usome wote mpaka mwisho bila kusimama. Usome mara ya pili polepole, ukiwauliza jirani wa kila neno geni: ni mtu au ni kitu, ni tendo au ni sifa, limeandamana na nani, lapingana na nani? Andika kisio lako pembeni. Kisha, kabla ya kufungua kamusi, mtafute mzee anenaye lahaja hiyo, ikiwa u karibu naye, umsomee ubeti kwa sauti. Yamkini atatabasamu kwa kusikia neno la utotoni mwake likitoka katika kinywa cha kijana, naye atakuambia habari zake ambazo kamusi hazikupata kuziandika. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na wanaponyamaza, kimya chao nacho kina mshindo.